Kiiname Nje Kidogo

Dirisha letu la Tudor, orofa ya tatu,
halipandi juu wala halina bawaba:
kioo husukumwa kando, kikajibanza nyuma ya mwenzake
kama mtu anayepisha godoro ngazini.
Nacho kiyoyozi nilichonunua ni kifupi, kipana,
cha mtumba, kimetoka ofisi iliyofungwa Kilindini.
Ubavuni kingali na karatasi: CHUMBA CHA HESABU. USIGUSE.

"Hivi viliundiwa madirisha ya watu wengine,"
akasema fundi Mwakio, penseli mdomoni.
Upana, sawa. Juu yake limebaki pengo
la kusimama mtoto wa miaka miwili.
"Hapo tutaziba kwa mbao."

Mama alikuwa kitandani, leso imemganda mgongoni,
Machi hii ambayo hata ukuta watoa jasho.
Daktari keshasema presha na joto havilali chumba kimoja.
Aliposikia *kuziba*, akaketi.
"Mwaziba wapi? Na kikapu changu kipite wapi?"

Maana hapo, miaka kumi na minane,
tangu magoti yamkatae ngazi,
ndipo ashushapo kikapu kwa kamba ya manila,
noti imekunjwa chini ya jiwe,
na Nyamvula kule chini, mezani pa nyanya,
hukipakia bamia, ndimu, habari za mtaa,
kisha huivuta kamba mara mbili.

"Mie si tasi wa kutiwa barafuni," akasema mama.
"Heri joto, kuliko kufungiwa
nisijue nyanya zauzwaje."

Sikujibu. Nilikuwa nimelipa elfu kumi na nne,
na hasira ya aliyelipa ina haraka.
Mwakio ndiye aliyeweka bisibisi chini.
"Mama, hicho kikapu kina upana gani?"

Akakipima. Kikapu! Kwa utepe uleule,
mdomo, kitako, mkono ukikishika,
akaandika hesabu ukutani kwetu bila kuomba ruhusa.
Akakata plaiwudi, akakata tena ndani ya plaiwudi,
akatia bawaba mbili na kitasa cha kabati.
Pembezoni akabandika sponji;
relini akalaza ufito uzuie kioo
"kisije kikateleza usiku, kikamdondosha mgeni."

Kisha akaweka pima maji juu ya bati.
Kiputo kikatulia katikati. Nikasema,
hapo hapo, usiguse, sawa kabisa.
Akatikisa kichwa.
"Kikiwa sawa kabisa kitakulilia ndani.
Kiiname nje kidogo. Unene wa kidole."
Akapachika kabari. Kiputo kikakimbilia upande wetu;
mimi nikaona kosa,
yeye akaanza kukusanya vyombo.

Kikawashwa. Kikakohoa vumbi la hesabu za watu,
kikanguruma, kikanyamaza, kikanguruma.
Mama akavuta shuka hadi kidevuni,
akasema baridi hii yanuka benki.
Akalala saa tatu mfululizo.
Nilikaa sakafuni nikimsikiliza akipumua,
sina la kufanya, miguu imenipoa.

Jioni nikagutushwa na kitasa: kwaa!
Amesimama kwa ncha za vidole,
mkono nje hadi begani,
baridi yote ya tokeni yamtoka kwapani kwenda Tudor.
"Mama, funga! Stima!"
"Nyamaza. Nyamvula asema twamtonea."

Nikachungulia. Kweli: tone, kisha tone,
jasho la chumba chetu
likishuka orofa tatu hadi mezani pake.
Hakuwa amesogeza kitu.
Ameweka sufuria ikinge,
achovya vidole, anyunyizia nyanya,
nazo zameta kama zimechumwa alfajiri,
na bei, kwa tulivyosikia kutoka huku juu,
imepanda shilingi tano.

"Hata kwetu?" mama akauliza.

Kamba ikavutwa mara mbili.